Kabla hujamlaumu jirani, angalia vyungu vyako vya maua

Wadau, leo siasa tuziache zipumzike kidogo. Nataka kuzungumzia maua. Ndiyo, maua, haya haya ya kwenye vyungu, ya sebuleni, barazani na getini. Najua kuna watakaocheka, maana mwandishi wa habari wa kiume akianza kuandika habari za maua watu huuliza kama kaoa au kafukuzwa kazi. Si hilo wala lile. Kuna mzee mmoja nilimkosea, nikamwomba radhi ana kwa ana, akanisamehe. Sasa nataka kuwaeleza nilivyomkosea, kwa sababu nina hakika siko peke yangu.

Naishi kwa dada yangu Kibaha, upande wa Picha ya Ndege, kwa sababu ambazo kila kijana anayefanya kazi Dar kwa mshahara wa mwandishi anazijua. Dada na shemeji walihamia huko walipomaliza kujenga. Nyumba yenyewe ni kama nyumba nyingi mpya za huko: ukuta wa tofali, geti la chuma, eneo la kutosha, na mbwa. Mbwa aliitwa Bosi. Koko wa kawaida tu, masikio moja juu moja chini, kazi yake kubweka usiku na kulala mchana. Mchana alifungwa mnyororo barazani, karibu na maua ya dada, akiwa hana la kufanya.

Jumamosi moja jioni Bosi alianza kutapika. Tukadhani kala mzoga. Usiku akawa anatetemeka, mate yanamtoka, hawezi kusimama. Shemeji akamnywesha maziwa, maana ndiyo dawa tunayoijua sote. Asubuhi tukaona ufizi wake umekuwa wa njano. Jumatatu akafa.

Sasa niambieni, mbwa wa ulinzi akifa ghafla Kibaha, Mbagala, Kimara au popote pale, neno la kwanza linalotoka ni lipi? "Kalishwa sumu." Hakuna anayeuliza mara mbili. Ama ni wezi wanaandaa njia, ama ni jirani. Wezi hawakuja. Jirani alikuwapo. Ni mzee mstaafu, anafuga kuku, na wiki mbili kabla alikuwa amemlalamikia Bosi mbele ya shemeji kwamba kamkamatia jogoo. Kwa akili zetu kesi ilikuwa imekwisha. Mimi, mtu niliyesoma chuo kikuu, mtu ninayelipwa kuuliza maswali kabla ya kuandika, nilisimama ukutani nikamwambia mzee wa watu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Hakunijibu. Alinitazama, akaingia ndani. Kuanzia siku hiyo akawa anazunguka njia ya nyuma akienda dukani ili asipite getini kwetu.

Aliyetuokoa ni daktari wa mifugo. Shemeji alimwita ampasue Bosi ili tupate ushahidi wa kumpeleka mzee polisi. Daktari akampasua, akachambua kilichomo tumboni, akatuonyesha vipande vya ganda jekundu na kiini cheupe kilichotafunwa. Akainua macho, akaangalia baraza, akauliza: "Ule mtapo mmeununua wapi?"

Mtapo! Sisi hatukuwa na habari kwamba tuna mtapo. Tulikuwa na "mtende wa Kijapani", ndivyo alivyouita aliyemuuzia dada. Ulikuwa mmea wa bei kuliko yote pale nyumbani, umekwisha kukomaa, shina nene fupi lenye magamba, majani magumu yaliyopangika kama manyoya ya ndege. Katikati ulikuwa umezaa mbegu nyekundu za kupendeza, ukubwa wa karanga zilizo ndani ya ganda lake. Daktari akatuambia huo si mtende hata kidogo. Ni saikasi, jamii ya mimea ya zamani sana, na ina sumu iitwayo saikasini inayoua ini. Sehemu zote zina sumu, ila mbegu ndizo mbaya zaidi. Mbegu moja au mbili zinatosha kumgonjesha mbwa vibaya, na wengi hawaponi.

Hapo ndipo miguu iliponiisha nguvu. Siyo kwa ajili ya Bosi. Siku chache kabla, mpwa wangu wa miaka 2 alikuwa amekaa chini ya mmea huo huo, kashika mbegu moja jekundu mkononi, anacheka. Nikampiga picha. Nikaiweka WhatsApp. Watu wakaandika "mashaallah, mtoto mzuri". Picha ninayo mpaka leo, na siwezi kuiangalia.

Kwa hiyo wanaosema habari za wanyama na maua ni mambo ya Wazungu wenye nafasi, naomba mnisikilize mpaka mwisho. Mbwa alitangulia tu. Anayetambaa nyuma yake ni mtoto.

Nianze na hoja yangu ya kwanza: tatizo letu ni majina. Wiki iliyofuata nilikwenda Kisarawe kumsalimia bibi. Nilizunguka mjini, nikapita Gongo la Mboto, nikapanda vilima vya Pugu, halafu ndiyo Kisarawe. Nikamwonyesha bibi picha ya ule mmea kwenye simu. Akavaa miwani, akatazama, akasema: "Mume wangu, huu si mtapo huu? Mmeuweka ndani?" Nikamwambia huu ni wa Kijapani. Akasema haijalishi umetoka wapi, sura ndiyo ile ile. Na kweli, mtapo wa mwambao wetu na huu wa Kijapani ni ndugu wa ukoo mmoja.

Bibi akanisimulia kwamba zamani, njaa ikikaza, watu wa pwani walikuwa wanakula mtapo. Lakini hawakuwa wanaula hivi hivi. Ulikatwakatwa, ukaanikwa, ukalowekwa siku nyingi na maji kubadilishwa, ndipo ukasagwa unga. Aliyekuwa na haraka alizikwa. Ni elimu ile ile ya muhogo mchungu, ambayo kila mtoto wa Kisarawe anaijua: kuna muhogo wa kutafuna shambani na kuna muhogo usiogusa mpaka umemenywa, ukaanikwa, ukawa makopa. Muhogo mchungu una sumu inayoweza kuua mtu, na bado tumeishi nao miaka yote hiyo bila ofisi ya serikali kutuandikia onyo. Kwa nini? Kwa sababu una jina. Ukimwambia mtu "huu ni mchungu" umemaliza.

Sasa ingia kwenye bustani yoyote ya kuuza maua, iwe pembeni ya barabara ya Morogoro au mjini, uulize majina. Utaambiwa huu "mani planti", huu "palmu", huu "bahati ya Mchina", huu "ulimi wa mama mkwe", na mengine kumi "maua ya ndani". Siwalaumu wauzaji. Wanahangaika juani kama sisi sote, na nao waliupata mmea kwa mtu mwingine bila jina. Lakini ukiubatiza mtapo "mtende wa Kijapani", umefuta onyo lililokuwa ndani ya neno. Bibi yangu asingeweka mtapo mahali anapochezea mtoto. Dada yangu, mwenye shahada ya uhasibu, aliuweka, akaulipia na pesa nyingi.

Hoja ya pili ni ya mpangilio. Nilipokuwa nimekaa uani kwa bibi niliangalia ule uwanja kwa macho mapya. Mpakani kote kuna minyaa. Sote tunaijua minyaa, vijiti vya kijani visivyo na majani, ukivunja kinatoka utomvu mweupe, ukiingia jichoni unaweza kukupofusha. Ng'ombe na mbuzi hawaugusi, ndiyo maana ukawa ua. Nyuma kabisa, karibu na jalala, kuna mbono na mbarika, na mbegu za mbarika ni sumu kali. Ukisogea karibu na nyumba unakuta mchaichai wa chai. Mlangoni kabisa kuna mrehani, na asmini imepanda kwenye nguzo ya baraza. Mkali anakaa mpakani, mpole anakaa mlangoni. Hakuna aliyelichora hilo kwenye karatasi, lakini ni ramani ya usalama. Mbwa wa bibi analala chini ya asmini, na paka anajisugua kwenye mrehani. Yote miwili haina sumu kwao.

Sisi wa mjini tumeigeuza ramani hiyo juu chini. Ukuta wa tofali umechukua kazi ya minyaa, halafu mimea mikali tumeileta barazani na sebuleni, tukaiweka kwenye chungu cha kauri karibu na televisheni. Tena mnyama wetu tumemfunga mnyororo hapo hapo, hana pa kwenda wala cha kutafuna isipokuwa hicho. Mbwa wa kijijini ana pori zima la kuchagua, Bosi alikuwa na mita mbili za mnyororo na mtapo.

Hoja ya tatu itawashangaza, na ndiyo inayoniuma kama Mtanzania. Mimea miwili kati ya ile maarufu zaidi kwenye sebule za Ulaya na Marekani asili yake ni huku kwetu.

Wa kwanza ni lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoyamanyoya. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta Usambara, akapeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea, Hermann Wendland, akaliandika rasmi kwa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Wajerumani mpaka leo wanaliita violeti ya Usambara. Limezalishwa kwa mamilioni duniani. Na ni moja ya maua salama kabisa kwa nyumba yenye paka, mbwa au mtoto. Hata mnyama akilitafuna, halimdhuru.

Wa pili ni zamiokulkasi. Mnaujua, ule wenye vikonyo vinene na majani ya kung'aa kama yamepakwa mafuta, unaokaa kwenye korido za benki na mapokezi ya hoteli kwa sababu haufi hata usahaulike mwezi mzima. Huo ni mmea wa misitu na nyika za mashariki mwa Afrika, kuanzia Kenya, Zanzibar na bara Tanzania mpaka Afrika Kusini. Miaka ya 1990 wakulima wa Uholanzi walianza kuuzalisha kibiashara, ukazunguka dunia, ukarudi Dar ukiwa na bei ya mgeni. Jina lake la kisayansi lenyewe linatukumbusha mtapo, maana lilitolewa kwa kuwa majani yake yanafanana na ya zamia, mmoja wa jamaa za mtapo. Lakini ukoo wake halisi ni mwingine, ni wa magimbi. Na kama magimbi mabichi, unawasha.

Kwa hiyo tumeipa dunia mpole mmoja na mkali mmoja. Mzungu akinunua violeti ya Usambara au zamiokulkasi, kabla ya kulipa anaweza kusoma kama paka wake yuko salama. Kuna chama cha Marekani cha kuzuia ukatili kwa wanyama, ASPCA, kilichoanzishwa mwaka 1866, ambacho kina orodha ndefu ya mimea yenye sumu na isiyo na sumu kwa mbwa, paka na farasi. Sisi wenye mimea yenyewe tunaisoma kwa Kiingereza, tukiwa na bahati ya kujua jina la kutafuta.

Basi, kwa kuwa nimeshayasoma hayo na kumsumbua daktari wetu kwa maswali, niwape muhtasari kwa lugha yetu.

Kundi la kwanza ni la wauaji, ambao mimi nasema wasikae kabisa mahali mnyama au mtoto anapofika. Saikasi, yaani mtapo, nimeshausema. Oleanda, ule mti wenye majani marefu membamba na maua ya pinki au meupe, pamoja na ndugu yake wa maua ya njano mwenye matunda ya kijani yenye kokwa ngumu, hushambulia moyo. Kule Sri Lanka kokwa za huyo wa njano zimeua watu wengi. Waridi la jangwani, kale kamti kanene kanakouzwa kwenye vyungu kwa umbo lake la kuvutia, ni la ukoo huo huo. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi hupaka utomvu wake kwenye mishale. Yaani sumu ya kuangushia mnyama wa porini, sisi tumeiweka juu ya kabati la viatu.

Wenye paka wasikilize hapa zaidi. Mayungiyungi ya kweli, yale maua makubwa yenye harufu kali ya kwenye mashada ya harusi na sendofu, yanaua figo za paka. Ua, jani, vumbi la ua lililomwangukia manyoya akalilamba, hata maji ya kwenye chombo, vyote vinatosha. Asipotibiwa upesi anakufa ndani ya siku chache. Ukirudi na shada kutoka ukumbini, na nyumbani una paka, mpe jirani asiyefuga.

Kundi la pili ni la wanaowasha. Hapa yumo zamiokulkasi, yumo mani planti, yumo difenbakia yenye majani mapana ya madoadoa, na wengine wengi wa ukoo wa magimbi. Ndani yao kuna chembe za oksaleti ya kalsiamu zilizochongoka kama sindano. Mnyama akitafuna zinamchoma ulimi na koo, anatoa mate, anavimba mdomo, anakataa kula. Mara nyingi anapona, lakini anateseka, na mtoto mdogo akivimba koo si jambo la kusubiri. Alovera, ambao watu wanaumeza kama dawa, humharisha na kumtapisha mbwa na paka. Ulimi wa mama mkwe nao vilevile. Hawa unaweza kubaki nao, ila wapandishe juu, kwenye rafu au kibaraza ambacho mnyama hafiki. Kwa paka kufika si tatizo, kwa hiyo mwenye paka afikirie mara mbili.

Kundi la tatu ni la wapole. Violeti ya Usambara. Ule mmea wa majani membamba ya kijani yenye mstari mweupe, unaoning'iniza watoto wake kama buibui, ambao nao asili yake ni Afrika. Feni zile laini za kuning'iniza. Mwareka, ule mnazi mdogo wa vikonyo vingi wenye asili ya Madagaska, ambao ndio unaofaa kuchukua nafasi ya "mtende wa Kijapani". Mawaridi, ukivumilia miiba. Asmini ya kweli. Mrehani. Angalieni hiyo orodha vizuri: nusu yake ni vitu ambavyo bibi zetu walikuwa navyo mlangoni bila kusoma tovuti yoyote.

Na ikitokea mnyama ametafuna, msifanye tuliyofanya sisi. Maziwa hayaondoi sumu ya mtapo. Msimlazimishe kutapika kwa chumvi wala mafuta, mnaweza kumuua kabla ya sumu. Mtoeni mabaki mdomoni, msuuzeni kwa maji, kateni kipande cha mmea au mpige picha, halafu kimbieni kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, siyo kesho asubuhi. Daktari alituambia wazi: mngeniita Jumamosi jioni alipoanza kutapika, kulikuwa na nafasi. Mkiniita keshakuwa wa njano, nakuja kuzika. Kwa mtoto ni hivyo hivyo, hospitali, na kipande cha mmea mkononi.

Najua hoja za kunipinga, na mbili nimezisikia tayari kazini. Mwenzangu mmoja alisema: watu hawana dawa hospitali, wewe unalilia mbwa. Jibu langu ni kwamba ninachoomba hakinyang'anyi mtu dawa. Kujua jina la mmea hakuna gharama. Tena tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, kwa hiyo anayemfunga mbwa mnyororo kuanzia asubuhi mpaka jioni, kama tulivyokuwa tunamfunga Bosi, asidhani kumjali ni hisani. Mwingine akasema: mbona bibi zetu waliishi na minyaa na mbarika na hawakufa? Kweli kabisa, na ndiyo hoja yangu mimi. Waliishi nayo kwa sababu waliijua. Siombi mtu ang'oe kila kitu. Hata mtapo wenyewe ni mmea wa thamani, umekuwapo duniani kabla ya maua yote haya. Naomba tu tujue tunaishi na nani.

Ninachotaka kifanyike ni kidogo. Muuza miche aandike kijikaratasi kwenye chungu: jina la Kiswahili, jina la kisayansi, na neno moja kati ya matatu, mpole, unawasha, unaua. Hajui? Kata zina maofisa mifugo na maofisa kilimo, na mmoja wao akipita bustani za maua za Kibaha kwa siku mbili atakuwa amemaliza kazi. Sokoine pale Morogoro wanafundisha madaktari wa mifugo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu wa mimea na hebaria yake. Watu hao wakikaa meza moja wanaweza kutoa orodha ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, ya mimea 40 inayouzwa zaidi. Ukurasa mmoja tu. Sisi wa magazeti tutauchapa, nitaupeleka kwa mhariri mimi mwenyewe.

Maana na sisi waandishi tuna lawama. Nimejaribu kukumbuka habari za sumu nilizowahi kuandika. Zote zina mtu ndani yake: mke kaweka kwenye chakula, jirani kaweka kwenye kisima, mganga katoa dawa. Sumu isiyokuwa na mkosaji hatuna mahali pa kuiweka kwenye ukurasa, kwa hiyo tumewazoesha wasomaji wetu, na tumejizoesha wenyewe, kwamba kila anayekufa ghafla kauawa na mtu. Nilipomtukana yule mzee sikuwa nimetumia uongo wowote mpya. Nilikuwa narudia kichwa cha habari.

Nilikwenda kwake Jumatano jioni na shemeji. Tulikaa kwenye mkeka, tukaeleza kila kitu, mbegu, ini, mtapo. Nikamwambia, "Mzee, nimekukosea, naomba unisamehe." Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema alikuwa keshamwambia mkewe wauze kuku wote, maana hakutaka kuzeeka akiitwa mchawi wa mbwa mtaani. Kuku ndio wanaomlipia dawa zake za presha. Akatusamehe, akatuletea chai. Chai ile ilinishinda kumeza.

Mtapo dada amekataa kuutupa, na mimi sikumlazimisha. Umehamishiwa nyuma ya nyumba, umezungushiwa wavu, na kila ukitoa mbegu zitakatwa na kufukiwa kabla hazijakomaa. Barazani sasa kuna mrehani wa bibi kutoka Kisarawe, na mpwa wangu anauchuma majani anayanusa mpaka chungu kimebaki vijiti.

Mzee anapita tena getini kwetu akienda dukani. Juzi alisimama akaniuliza kama ule mmea wa maua ya njano wa nyumba ya kona, wenye kokwa, nao ni katika hayo mambo yangu. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi twende tukawaambie, wana watoto wale.

Tukaenda. Haya, na wewe leo ukirudi nyumbani, kabla ya kuwasha televisheni, piga picha vyungu vyako vyote umwonyeshe bibi yako. Alamsiki.